RUHUSA YA KWENDA HOSPITALI ITOLEWE KABLA YA UGONJWA

Katika toleo hili naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo halimo katika picha tunazotembea nazo nyumba kwa nyumba. Picha zile zinaonyesha mbu, chandarua, choo safi na mikono inayonawa. Hazionyeshi mtu anayesimama mlangoni na kusema: "Tumsubiri baba arudi kwanza."

Kazi yetu sisi wahudumu wa afya wa kujitolea ni kupita kijijini, kuuliza nani anaumwa, nani ni mjamzito, mtoto gani hajamaliza chanjo, na kuwaelekeza watu kituoni. Ukipita hivyo kila wiki unazoea majibu. Jibu moja nalisikia kwa Wakongo na kwa Warundi, kwa waliosoma na kwa wasiosoma. Mtoto ana homa tangu jana, mbona hujampeleka? "Baba hayupo." Mimba ina miezi sita, mbona hujaanza kliniki? "Baba hajasema kitu." Ukiuliza baba yuko wapi, pengine yuko sokoni, pengine yuko kwa rafiki zake wanacheza karata, pengine ametoka kutafuta kibarua na haijulikani atarudi saa ngapi.

Sisemi kwamba baba huyo ni mtu mbaya. Wengi wao wanawapenda wake zao na watoto wao. Ndiyo maana naandika. Kama tatizo lingekuwa chuki, makala ya gazeti isingesaidia. Tatizo ni kwamba katika nyumba nyingi tumechanganya upendo, uaminifu na madaraka, mpaka mtu anaweza kupendwa na bado akafia ndani huku akisubiri ruhusa.

UGONJWA HAUMSUBIRI BABA

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwa nini kina mama hufa kwa uzazi hata pale tiba inapojulikana. Walitaja ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Sisi wakimbizi tunapokaa pamoja, mara nyingi tunalalamikia ule wa pili na wa tatu: gari la wagonjwa halikuja, foleni ni ndefu, dawa zimekwisha. Malalamiko hayo tunayo haki ya kuyasema, na tuendelee kuyasema. Lakini ule wa kwanza unatokea ndani ya nyumba zetu wenyewe. Hakuna shirika linaloweza kutuondolea. Ni sisi tu.

Hebu tuhesabu saa. Mama aliyejifungua akianza kuvuja damu nyingi, anaweza kufariki katika muda wa saa mbili tu. Mjamzito anayeumwa kichwa sana, anayeona ukungu machoni, aliyevimba uso na mikono, anaweza kuingia kifafa cha mimba wakati wowote. Mtoto mdogo mwenye malaria anaweza kuwa mahututi ndani ya siku moja, ndiyo sababu tunahimizwa mtoto mwenye homa apimwe na aanze dawa ndani ya saa 24. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kulala bila kuamka, hapo hata hizo saa 24 hazipo tena. Ni kukimbia.

Sasa linganisha saa hizo na saa za baba aliyetoka asubuhi na atarudi jioni. Ugonjwa hauangalii nani ni mkubwa wa nyumba.

"MALI NILITOA MIMI"

Wazee wangu, najua mnavyosema, kwa sababu nakaa nanyi na nawasikiliza. Mimi ni kijana, nimemaliza sekondari hapa kambini, na sijaoa. Mnaweza kusema mtoto hawezi kuwafundisha wazee. Basi msinichukue kama mwalimu. Nichukueni kama mtu anayepita kwenye milango mingi na kuwaletea habari ya alichokikuta.

Hoja ya kwanza ninayoisikia ni hii: "Mali nilitoa mimi. Mke hawezi kutoka nyumbani bila mimi kujua." Mahari ina heshima yake. Kule Fizi na Uvira, kama huku, mahari iliunganisha koo mbili, na mwanaume aliyeitoa alijitwika mzigo mbele ya wazee: kumtunza binti wa watu. Mzazi aliyepokea mbuzi au ng'ombe hakupokea bei ya uhai wa mwanawe. Alipokea ahadi. Siku binti yule anapovuja damu na wewe hupatikani, ahadi yako ndiyo inayotakiwa kumbeba mpaka hospitali. Ikiwa ahadi hiyohiyo ndiyo inayomfunga mlangoni, basi umeigeuza.

Hoja ya pili: "Mume ni kichwa cha nyumba." Sawa, nakubali tutumie mfano huo. Mguu ukichomwa na mwiba, kichwa husema mguu usubiri? Kichwa huhisi maumivu papo hapo, na mkono unakwenda wenyewe kuutoa ule mwiba. Kichwa kinachoulizwa kila kitu kabla mkono haujasogea ni kichwa cha mtu aliyepooza.

Hoja ya tatu ni methali: "Fahali wawili hawakai zizi moja." Methali ni nzuri, lakini mume na mke si fahali wawili wanaogombea zizi. Ni watu wawili wanaolima shamba moja. Mmoja akienda kisimani, mwingine haachi nyani wale mahindi kwa sababu hakuachiwa ruhusa ya kuwafukuza.

Kuna jambo jingine ambalo wazee hawalisemi wazi, nami nitalisema kwa heshima. Ukimbizi umewanyang'anya wanaume vitu vingi. Baba aliyekuwa na shamba, mtumbwi wa kuvulia ziwani au ng'ombe wake, leo anapanga mstari wa posho kama mtoto. Miaka ya 1990, katika kambi ya Lukole iliyokuwa wilayani Ngara, mtafiti Simon Turner aliwasikia wanaume wa Kirundi wakilalamika kwamba wake zao wanaona UNHCR ni mume bora kuliko wao. Maneno hayo yanachekesha, lakini ndani yake kuna uchungu. Mtu aliyepoteza madaraka yote ya nje hushika kwa nguvu madaraka yaliyobaki ndani. Naelewa. Lakini mke na mtoto si mahali pa kulipia yale tuliyopoteza njiani. Na baba anayeheshimiwa kambini, kwa jinsi ninavyoona, si yule anayeogopwa zaidi. Ni yule ambaye majirani wanasema: huyu alimbeba mkewe mgongoni usiku wa manane.

SHERIA NAZO ZIMETEMBEA

Wengine husema kwamba mambo haya ya haki za mke ni mageni, yameletwa na mashirika. Ndugu zangu Wakongo, tukumbushane sheria ya kwetu. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilisema mume ni mkuu wa nyumba na mke anapaswa kumtii, na kwamba mke alihitaji idhini ya mume kwa shughuli za kisheria, kama vile mikataba. Haikuwa sheria ya hospitali, lakini watu wengi waliibeba hiyo idhini mpaka kwenye mlango wa kliniki. Tarehe 15 Julai 2016 sheria hiyo ilirekebishwa huko huko Kongo, na sharti la mke kuomba idhini ya mume likaondolewa. Walioibadilisha ni Wakongo wenyewe.

Na sisi tunaoishi Tanzania tunaongozwa na sheria za Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila inaruhusu. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka 50. Kambi yetu ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, tayari ilikuwa na robo karne. Kwa hiyo mke anayepigwa kwa sababu alimpeleka mtoto kituoni bila kuaga hajavunja kitu. Aliyevunja ni mwingine.

NYUMBA YENYE RUHUSA NYINGI INA SIRI NYINGI

Sasa nije kwenye uaminifu. Baba wengi wanaamini kwamba wakishika ruhusa zote, wake zao watakuwa waaminifu. Sisi tunaopita milangoni tunaona kinyume.

Yupo mama anayeacha kadi yake ya uzazi wa mpango kwa jirani, ili mume asiione. Yupo anayekwenda kuchota maji na ndoo mbili, moja anaiacha njiani, akapite kwanza kliniki. Yupo aliyepewa majibu ya kipimo, anameza dawa zake gizani na kutupa chupa chooni. Hao si wanawake wasiopenda waume zao. Ni wanawake waliojifunza kwamba ukweli una adhabu. Siri ya mtungi aijuaye kata: ukitaka kujua kama nyumba ina upendo, usiangalie kama mke anaomba ruhusa kila mara. Angalia kama anaweza kukuambia ukweli bila kuogopa.

Kuna uaminifu mwingine ambao ni hatari zaidi, nao ni ule wa kufunika. Binti amebakwa, au mke amepigwa mpaka kuumia, na ukoo unasema tusitoke nje na jambo hili, tusiaibishe jina. Wazee wanakaa, upande huu na upande ule, wanazungumza faini ya mbuzi na pesa. Wanaita hayo kulinda familia. Lakini aliyebakwa akifika kituoni ndani ya saa 72, anaweza kupewa dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, atakazomeza kwa siku 28. Dawa ya kuzuia mimba inaweza kusaidia ndani ya siku 5, na ikimezwa mapema ndiyo bora. Kikao cha wazee kikichukua siku nne, dawa ile ya kwanza haitasaidia tena. Mbuzi aliyelipwa hataweza kurudisha saa hizo. Kwa hiyo binti apelekwe kwanza. Mazungumzo ya ukoo, kama yapo, yaje nyuma, na yasichukue nafasi ya sheria. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nao walisema hivyo kabla ya mashirika yote.

Na wewe mama mkwe, shikamoo. Wewe pia una madaraka, tena makubwa, hasa mwanao asipokuwepo. Maneno yako "mimi nilizaa saba nyumbani na sikufa" yanaweza kumweka mkwe wako ndani mpaka iwe usiku. Tunashukuru Mungu kwamba hukufa. Lakini unawakumbuka waliokufa, kwa sababu uliwalilia. Waite majina yao moyoni kabla hujamwambia mkwe wako avumilie.

BABA NAYE HUUMIZWA NA MADARAKA YAKE

Msidhani madaraka haya yanawaumiza wanawake peke yao. Mwanaume aliyezoea kuwa mtoa ruhusa hajui kwenda kuomba msaada. Anakohoa wiki mbili, wiki tatu, anasema ni vumbi. Anakonda, anasema ni posho imepungua. Ukimwambia apime makohozi, anauliza nani amekutuma. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinatakiwa kipimwe kifua kikuu, na kifua kikuu kinatibika, lakini baba anayekificha anawaambukiza walewale anaosema anawalinda, ndani ya nyumba ya chumba kimoja.

Wengine wanamwachia mke apime kwa niaba yao. Mke akipimwa virusi vya UKIMWI kliniki na kukutwa hana, mume anatangaza kwamba na yeye hana. Ndugu zangu, damu ya mke haisomi damu ya mume. Mmoja anaweza kuwa navyo na mwingine asiwe navyo, hata mkilala kitanda kimoja miaka mingi. Nendeni wawili. Mwanaume anayekaa kwenye benchi la kliniki pamoja na mkewe hajapungukiwa kitu. Watakaomcheka leo ndio watakaomuuliza kesho namna alivyofanya.

NINI KIFANYIKE

Sina maana kwamba mke na mume wasiagane. Kuagana ni heshima, na heshima hiyo iende pande zote mbili: hata mume amwambie mke anakokwenda. Ninachosema ni kwamba ruhusa ya kwenda kutibiwa isiwe kitu cha kuombwa siku ya ugonjwa. Itolewe mapema, mara moja, na isirudishwe. Kama vile unavyotengeneza paa kabla ya mvua, kaeni nyumbani wakati wote ni wazima, mkubaliane mambo haya:

Kwanza, dalili za hatari zijulikane na wote, hata watoto wakubwa. Kwa mjamzito: kutokwa damu, kuumwa kichwa sana na kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, kifafa, homa kali, chupa kuvunjika kabla ya uchungu, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa mtoto ni zile nilizotaja juu. Zikionekana, aliyepo ndiye mwenye uamuzi. Hamsubiri mtu.

Pili, baba atamke kwa mdomo wake, mbele ya mama mkwe na jirani mmoja: "Nisipokuwepo, nendeni." Maneno hayo mawili hayagharimu kitu, na yanamwondolea mke hofu ya kuulizwa baadaye.

Tatu, kadi ya kliniki na kadi ya posho zikae mahali panapojulikana na wote wawili. Zisitembee mfukoni mwa mtu mmoja. Mwaka 2001 UNHCR ilitoa ahadi tano kwa wanawake wakimbizi, na mojawapo ni kila mwanamke aandikishwe na kupata hati zake mwenyewe. Ahadi hiyo haina faida kama hati ina jina la mke lakini imefungwa kwenye sanduku la mume.

Nne, wekeni akiba, hata kama ni ndogo sana, ya kumlipa mwenye baiskeli au pikipiki usiku, na mjue nani atabaki na watoto. Mama asishindwe kuondoka kwa sababu hana wa kumwachia wengine.

Tano, juu ya upasuaji. Daktari akisema mama afanyiwe upasuaji ili aokolewe, mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukubali juu ya mwili wake mwenyewe. Baba, mwambie mkeo mapema kwamba hutamlaumu kwa kukubali.

Sita, wewe unayeishi na mtu anayekukataza kutibiwa, au anayekupiga, usibaki peke yako. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako, au mfanyakazi wa kituo. Unachotuambia hatukipeleki kwenye karata wala kwenye bomba la maji. Mhudumu anayetoa siri za watu hastahili kazi hii.

Vijana wenzangu ambao hamjaoa, ninyi mna bahati. Hamna mazoea ya kuvunja. Binti, kabla hujakubali kuolewa, muulize: "Nikiumwa na wewe haupo, nifanye nini?" Kijana, jibu swali hilo kabla hujaanza kutafuta mahari. Jibu lake litawaonyesha mapema nyumba mnayokwenda kuijenga.

Ndugu msomaji, hatuna mashamba yetu hapa, na hatujui tutakaa mpaka lini. Mambo mengi ya maisha yetu yanaamuliwa na watu tusiowaona, katika ofisi tusizozijua. Hili moja liko mikononi mwetu. Usingoje semina. Ukimaliza kusoma karatasi hii, mpe mwenzako naye asome, au msomee kama hajui kusoma, kisha mwambie yale maneno mawili leo hii, wakati hakuna anayeumwa: "Nisipokuwepo, nendeni."

Afya njema kwenu nyote.

Mhudumu wa afya wa kujitolea, Nyarugusu